Mafungu ya Soko la Juu

Jumapili, 10 Machi

Mume wangu ameninunulia daftari hili. Jalada jekundu, kurasa mia mbili. "Andika raha zetu," ameniambia, "tukizeeka utanisomea, maana mimi macho yatakuwa yameshakwisha kwa moto wa kuchomelea." Basi naanza na raha ya kwanza: nina mume! Leo ni wiki ya tatu, na bado akiniita "mke wangu" nageuka nione anaitwa nani.

Chumba chetu ni kimoja, kina kitanda, meza, kabati lisilofunga vizuri na dirisha. Ah, dirisha! Nondo zake amezikunja mwenyewe zikawa kama majani yanayopanda ukutani. Jirani anasema dirisha letu limevaa hereni. Watu wote wanamwita Fundi, na mimi pia namwita Fundi, ila nikimwita mimi hugeuka kwa namna nyingine.

Raha ya pili: kesho naanza kazi. Ofisi ya takwimu imechukua watu waliomaliza sekondari, mkataba wa miezi mitatu, kukusanya bei sokoni. Fundi amewatangazia wateja wote. "Mke wangu anakwenda kupima uchumi wa nchi," anasema, kana kwamba nitaurudisha jioni umejaa kwenye kikapu.

Jumatatu, 11 Machi

Mafunzo. Msimamizi wetu ni mtu wa miwani na kalamu tatu mfukoni. Nilidhani nitasinzia lakini nimesikiliza mpaka mwisho, maana ameeleza vizuri.

Kasema: "Chukueni kinyozi. Hapa ananyoa kichwa kwa bei ya mikate miwili. Katika nchi tajiri kichwa kilekile, mashine ileile, ni bei ya mikate kumi na tano. Je, kinyozi wetu kafanya kazi ndogo zaidi?"

"Hapana," tukasema.

"Lakini ukichukua mapato yake ukayabadilisha benki kuwa fedha za kigeni, ataonekana hajafanya kitu. Nchi nzima itaonekana hivyo. Kwa hiyo hatutazami benki. Tunatazama fedha yetu inanunua nini hapa hapa, kisha tunalinganisha na wenzetu kitu kwa kitu: mchele wa aina moja na mchele wa aina hiyohiyo, kilo kwa kilo. Huo ndio usawa wa uwezo wa kununua. Mkikosea nyinyi chini, huko juu wanakosea na kompyuta zao zote."

Kazi ya sokoni nimefundishwa na mama mmoja mhakiki, mwenye miaka kumi na tisa kazini. Wanamwita Mama Mizani hata mbele yake, kwa sababu mizani yake ya ndoano haibanduki begani. Mkali! Nilikuwa natazama nje namfikiria Fundi, akagonga meza: "Bibi harusi, soko liko huku." Watu wamecheka, nami nikajichekea, lakini simpendi. Ana sura ya mtu anayelala na orodha ya bei kifuani.

Jumanne, 12 Machi

Nimepangiwa Soko la Juu. Ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, kilima kwanza halafu daraja la mbao halafu kilima tena. Viatu vimenitoa malengelenge.

Nilidhani nitauliza bei nitaandika, basi. Kumbe pale hakuna kilo. Maharage, vitunguu, nyanya, karanga, dagaa, hata chumvi, vyote vimepangwa mafungu. Bei ya kila fungu ni mia mbili. Mchele na unga ni kwa kopo. Kwa hiyo kila fungu inabidi ulitie kwenye mfuko, ulining'inize kwenye ndoano, usome gramu, uandike. Mara tatu, mafungu matatu tofauti. Vitu thelathini na kimoja. Wauzaji wanaona nachezea mali yao.

"Unapima ununue?" kaniuliza mama mmoja muuza maharage, mwenye sauti ya kuvunja kuni.

"Napima tu, mama."

"Basi na mimi nipime, unione kama nimekonda."

Soko zima limecheka. Tumekuwa marafiki hapohapo na kanipa namba yake ya simu. Mama wa Maharage, nimemwandika hivyo.

Mama Mizani kanieleza utaratibu wake. Mimi napita Jumanne asubuhi. Yeye baadhi ya Jumanne hupita jioni yake, soko lilelile, anapima mafungu yaleyale. Haniambii ni wiki gani. "Si kwamba sikuamini," kasema. "Siamini mtu yeyote."

Ijumaa, 15 Machi

Fundi kaniletea ua la chuma. La chuma! Amelichomelea kwa mabaki ya lango la mteja. Nimelia.

Jumanne, 19 Machi

Mvua imeanza. Nimekwenda na kurudi nimelowa mpaka daftari la kazi. Fungu la maharage gramu 870, vitunguu 640, kama wiki iliyopita kasoro kidogo. Fundi amenikanda miguu.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Fundi hana kazi, umeme na maji havipatani. Yuko nyumbani mchana kutwa. Mbingu zimenifungulia kweli!

Jumanne, 26 Machi

Siku nzuri kuliko zote tangu nizaliwe. Naiandika polepole isiishe.

Alfajiri mvua ilikuwa inapiga bati kama watu wanamwaga kokoto. Nimeamka nivae, viatu vya mpira sivioni. Nimetafuta chini ya meza, nyuma ya mlango. Fundi kajifunika shuka hadi puani.

"Fundi, viatu vyangu."

"Vimekataa. Vimesema leo hata samaki wamebaki ndani."

Alikuwa anavilalia! Nimemvuta mkono, amenivuta mimi, na mwisho wake nimecheka hadi nimekosa pumzi. "Siku moja tu, mke wangu," kasema. "Nchi imekuwa maskini miaka yote, haitatajirika leo kwa sababu umelowana."

Nimesema basi, nipige simu. Nimempigia Mama wa Maharage. Nimemwambia mvua imenizuia, anisaidie bei. Mungu ambariki, ameichukua simu akaizungusha soko zima, meza kwa meza, nami huku nimekaa kitandani na karatasi magotini, Fundi ananishikia kalamu ya akiba.

"Vitunguu?"

"Mia mbili, mwanangu, ileile!"

"Nyanya?"

"Mia mbili. Tupandishe bei tumuuzie nani?"

Vitu vyote, bei ileile ya wiki iliyopita. Nimeandika. Safu ya uzito tu ndiyo imebaki wazi, na uzito haupimwi kwa simu. Lakini bei kama haijabadilika, fungu litabadilika kwa sababu gani? Nimechukua uzito wa wiki iliyopita. Halafu nimeuchezea kidogo, gramu tano huku, kumi kule, zisifanane kama mapacha. 870 ikawa 865. 640 ikawa 645. Fundi kasema nina akili ya waziri wa fedha.

Kisha tumepika chai, tumelala tena, tumeamka, tumezungumza majina ya watoto wasiozaliwa, amenifundisha kupiga mbinja, nimeshindwa. Mvua haikukatika hadi saa kumi na moja. Sikutaka ikatike.

Jumatano, 27 Machi

Nimewasilisha karatasi. Msimamizi kasema mwandiko wangu ni mzuri.

Jumamosi, 30 Machi

Jua kidogo. Fundi kaenda karakana. Chumba kikubwa bila yeye.

Jumanne, 2 Aprili

Nimepanda Soko la Juu mwenyewe, kwa miguu, kama kulipa wiki iliyopita. Daraja limepakwa tope hadi kwenye kamba za kushikia.

Mama wa Maharage kanikumbatia. "Bibi wa simu! Umekuja kuona kama tuko hai?"

Nimening'iniza fungu lake la kwanza. Gramu 610. Nikafikiri ndoano imekwama. La pili 600. La tatu 620.

"Mama, mbona fungu limekuwa dogo?"

"Dogo hili?" Kaangua kicheko. "Hili limeshanenepa! Malori yameanza kupanda tangu Jumamosi. Ungekuja wiki ile ungelia. Siku kumi hakuna gari lililopita kwenye tope. Nimegawa gunia langu hadi mafungu yakawa ya kuchezea watoto. Nusu. Na chini ya nusu."

"Lakini uliniambia bei ni ileile."

Kanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa kiatu mguu usio wake. "Bei ni ileile, ndiyo. Mtu wa huku ana mia mbili mkononi. Nikisema mia nne ataondoka. Kwa hiyo mia mbili inabaki, maharage yanapungua. Wewe si ndiye mwenye mizani? Uliuliza bei, nikakupa bei."

Nimepima vitu vyote thelathini na kimoja, mara tatu tatu. Wiki ile fedha ya watu hawa ilinunua nusu, na mimi nimeandika ilinunua yote. Kwa kalamu yangu nimewatajirisha, nao wanalala na njaa yao palepale.

Fundi kaniuliza mbona nimenyamaza. Nimesema nimechoka. Ndiyo mara ya kwanza kumficha kitu.

Jumatano, 3 Aprili

Nimejiambia ni wiki moja, soko moja, katika nchi nzima. Tone kwenye pipa. Nimejiambia mara nyingi.

Alhamisi, 4 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi tumeitwa ofisini, mimi na Mama Mizani. Msimamizi alikuwa ameweka karatasi mbili mezani, ubavu kwa ubavu. Moja yangu, ya Jumanne tarehe 26. Nyingine, tarehe ileile, soko lilelile, mwandiko wa Mama Mizani.

Alipanda. Katika mvua ile. Wakati mimi najifunza kupiga mbinja, mama wa miaka hamsini na kitu alikuwa anapanda kilima na mizani begani.

Maharage: yangu 865, yake 410. Vitunguu: yangu 645, yake 300. Chini hadi mwisho, kila mstari nusu ya wangu.

"Nielezeni," msimamizi kasema. "Siku moja, soko moja."

"Mimi nimepima," Mama Mizani kasema. "Mafungu yalikuwa yamekatwa nusu. Malori yalikuwa hayajapanda karibu wiki nzima."

"Wauzaji nimewapigia. Wanasema binti aliwauliza bei asubuhi ile, na bei haikupanda."

"Bei haikupanda. Ndivyo nilivyoandika. Fungu ndilo lililoshuka."

Msimamizi kachukua mizani ya Mama Mizani. Ana pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, akaining'iniza. Kilo moja kamili. Nikaona uso wake umekuwa mgumu zaidi. Ingekuwa mizani mbovu, ingekuwa nafuu kwa wote.

"Wewe kwenu ni kule," kamwambia Mama Mizani. "Ndugu zako wako kule. Na mwaka jana, katika mkutano, ulisimama mbele ya wageni ukasema takwimu zetu zinawasahau watu wa juu."

"Nilisema. Na ni kweli."

"Basi mtu anaweza kufikiri umeamua kuwakumbuka kwa kalamu."

Mama Mizani hakupandisha sauti. Alinigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza hakuniita bibi harusi. "Mwanangu," kasema, "labda ulipima alfajiri, kabla hawajagawa upya? Kuna siku asubuhi mafungu huwa makubwa."

Alikuwa ananitafutia mlango. Yeye ndiye aliyebanwa, na bado ananitafutia mimi mlango wa kutokea.

"Labda, mama," nikasema.

"Mafungu yote thelathini na moja?" kauliza msimamizi. Kisha kanitazama juu ya miwani. "Binti, uzito huu uliupima mwenyewe?"

"Ndiyo."

Neno moja. Nililisema kwa sauti nzuri, wazi, kama darasani.

Ijumaa, 5 Aprili

Mama Mizani amerudisha mizani ofisini. Msimamizi kaandika kwamba takwimu zake za wiki ile zisitumike na mkataba wake usiendelezwe. Mama Mizani amepanga kalamu zake mezani, moja moja, kaondoka. Watu walijifanya wanasoma.

Jumapili, 7 Aprili

Fundi kanipikia. Nimekula vijiko viwili, sahani nimeifunika.

Jumanne, 9 Aprili

Soko la Juu. Maharage 840. Mafungu yamerudi kama zamani, hakuna kinachoonekana tena cha wiki ile. Hata ukimleta hakimu hapa leo atasema Mama Mizani ni mwongo.

Mama wa Maharage kaniuliza yuko wapi yule mama mwenye mizani. Nimesema anapumzika.

"Huyo? Apumzike? Siku ya ile mvua alifika hapa analowa kama mbuzi, nikamwambia kaa, kasema akikaa atasahau namba. Mpelekee hizi." Kanifungia vitunguu kwenye mfuko, vitano. "Mwambie si vya kupima."

Sijampelekea. Nimeviweka chini ya meza.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemwambia Fundi.

Alikuwa ananawa mikono kwenye beseni, bado ana masizi usoni. Nimesema yote: mafungu yaliyopungua, karatasi mbili mezani, ile "ndiyo" yangu. Kanitazama, kisha kacheka kwa nafuu.

"Ndilo hilo? Siku kumi unageuka geuka kitandani, mimi nadhani umenichoka!"

"Fundi, wamemfukuza."

"Mkataba wake haukuendelezwa. Si kufukuzwa. Mama yule ana miaka kumi na tisa kazini, ofisi itamwita tena, watamkosa. Wewe una miezi miwili imebaki. Nyamaza, imalize."

"Nimesema uongo mbele yake."

"Ulibaki nyumbani kwa ajili yangu. Sasa unataka kwenda kumwambia msimamizi kwamba mume wako alivilalia viatu vyako? Mji mzima utanicheka. Nitawatengenezea malango watu wanaonicheka."

Sijui nilipata wapi maneno. "Lango likipinda," nimesema, "unampigia mteja simu kumwuliza kama limenyooka?"

Nimewahi kumwona akikata lango zima na kulianza upya kwa sababu bawaba ilikuwa nje kwa upana wa msumari. Mteja hakuwa ameona. Mimi ndiye niliyemwambia aache, akakataa.

Ameifuta mikono, kavaa shati, katoka. Karudi usiku, hajala. Ndiyo mara ya kwanza analala ameelekea ukutani, nami naandika haya kwa mwanga wa taa nikimtazama mgongo. Nampenda mgongo ule. Kinachoniuma ni kwamba siku ile siwezi kuitamani isiwepo. Nikiikumbuka nacheka kabla sijalia. Mtu anajutiaje siku aliyokuwa na furaha kuliko zote?

Ijumaa, 12 Aprili

Hatujasemezana ila "chumvi" na "asante".

Jumapili, 14 Aprili

Tulikuwa tunakunja nguo. Kashika ncha mbili za shuka, mimi mbili, tukakutana katikati kama kawaida, na hapo katikati kasema:

"Nitakuja nawe kesho. Nitasimama nje. Wakitaka kucheka, wanicheke nikiwapo."

Nimemwambia asije. Nimemwambia nikimwona dirishani nitasema kwa ajili yake, nisiseme kwa ajili ya yule mama. Ameelewa, au amejifanya ameelewa. Kaniwekea viatu mlangoni mwenyewe, ingawa safari ni kesho.

Jumatatu, 15 Aprili

Nilidhani msimamizi atanipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Nilisema nikiwa nimesimama. "Tarehe 26 sikwenda Soko la Juu. Bei niliuliza kwa simu. Uzito niliutoa kichwani."

Kavua miwani. Kaifuta. Kafunga mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Mume wangu."

"Karatasi zimeshakwenda makao makuu. Wastani umeshapigwa. Unajua maana yake? Nikiandika barua ya masahihisho, wataanza kuuliza kila soko langu. Kila karatasi. Mimi nina miaka minne kustaafu."

"Na Mama Mizani?"

"Nitamwita msimu ujao. Kimyakimya. Nitasema kulikuwa na upungufu wa watu." Kasogeza kiti. "Kaa, binti. Umekuja, umetubu, inatosha. Soko moja, wiki moja. Ni tone tu."

Maneno yangu yaleyale! Nimeyasikia yakitoka kinywani mwa mtu mzima mwenye kalamu tatu, na yakanuka.

Sikukaa. "Hapana, baba," nimesema, na sauti yangu ilikuwa mbaya safari hii, inakwaruza. "Ulisema mbele ya ofisi kwamba yeye ameandika uongo. Usiseme kimyakimya kwamba hakuandika. Kama barua huandiki wewe, nitaiandika mimi, niipeleke makao makuu kwa mkono wangu. Mwandiko wangu unausifu mwenyewe."

Amevaa miwani tena. Nilidhani atanitoa nje. Kisha kavuta karatasi kutoka kwenye droo kana kwamba ina uzito wa jiwe, na kaanza kuandika.

"Kazi huna tena," kasema bila kuinua kichwa. "Njoo keshokutwa usahihishe ulichoharibu. Na yeye nitamwita, asimame hapa aone."

Nje, nilipotoka, Fundi alikuwa ameegemea ukuta wa duka la ng'ambo ya barabara. Alikuja. Sikumwona mapema, ndilo la muhimu. Amenipokea mkoba.

Jumanne, 16 Aprili

Mvua ya mwisho mwisho. Sina pa kwenda.

Nimepeleka vitunguu kwa Mama Mizani. Nimeulizia nyumba hadi nimeipata, mlango wa bluu, ngazi tatu. Alikuwa anafua. Nilipiga magoti palepale kwenye maji ya sabuni, nikaanza kusema nisamehe mama, kaniinua kwa kiwiko, si kwa upole.

"Nimeshaambiwa," kasema. "Simama, utalowa."

"Mama, siku ile uliponitafutia njia ya kutokea..."

"Usinikumbushe. Hilo ndilo linaloniuma. Nilikutetea." Alikamua shati la mtu mpaka likatoa mlio. "Wiki mbili wanangu wamenitazama mezani wakijiuliza kama mama yao ni mwongo. Mdogo kaniuliza kabisa. Kwa hiyo usiniombe msamaha leo. Nikiwa nao nitakuletea. Leo sina."

"Ndiyo, mama."

"Vitunguu vya nani?"

"Vya Mama wa Maharage. Amesema si vya kupima."

Kavichukua. Hakutabasamu. Kaingia ndani, kafunga mlango wa bluu taratibu.

Jumatano, 17 Aprili

Ofisini, saa tatu. Wote walikuwapo. Msimamizi aliisoma barua kwa sauti, haraka, kama anayemeza dawa: kwamba takwimu za mhakiki za tarehe 26 Machi ni sahihi, kwamba za mkusanya bei hazikupimwa, kwamba mhakiki anarudishwa kazini kuanzia leo. Mtu mmoja nyuma kaguna. Mama Mizani alisimama mikono nyuma, kidevu juu.

Kisha nimewekewa karatasi yangu ya zamani mezani, nakala. Katika kazi hii hakifutwi kitu. Unapiga mstari mmoja juu ya namba mbovu, mwembamba, ili iendelee kusomeka, kisha ubavuni unaandika iliyo sahihi, na mbele yake unatia sahihi yako. Yeyote atakayeifungua, hata miaka mia, ataona uongo ulivyokuwa na nani aliutunga.

Mama Mizani alisimama nyuma yangu na karatasi yake, akasoma.

"Maharage. Mia nne na kumi."

Nikapiga mstari juu ya 865. Nikaandika 410. Nikatia sahihi. Sahihi yangu mpya, ya jina la mume wangu, ambayo kabla ya harusi niliifanyia mazoezi ukurasa mzima kwa furaha.

"Vitunguu. Mia tatu."

Mstari. 300. Sahihi.

Karanga, dagaa, chumvi. Nilifika kumi nikaacha kuona vizuri, lakini sauti yake haikupungua mwendo wala haikuongeza, naye hakunipa nafasi ya kulia. Ishirini. Ishirini na tano. Nikaelewa kwa nini alipanda siku ile. Kila namba aliyoisoma ilikuwa na mahali pake, meza yake, mtu wake aliyesimama mbele yake na mia mbili mkononi, anapokea kidogo kuliko jana na hasemi kitu. Mimi kila namba yangu ilikuwa na shuka na chai.

"Nyanya. Mia tatu themanini."

Thelathini na moja. Nikaweka kalamu chini, nikainua kichwa. Nilidhani atasema neno. Sijui neno gani. Lolote.

Aliinama juu ya bega langu. Akaipitia karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, kutoka juu, bila haraka, hadi kidole kikasimama.

"Hapa kwenye chumvi," kasema, "hujatia sahihi."

Nikatia.